Hewa Safi Katika Nyumba

Mtu aweza kukaa siku nyingi bila chakula, na siku chache bila maji. Lakini bila hewa, dakika chache zatosha kumwua. Hata hivyo wengi wetu twatunza ghala na mtungi, wala hatuiangalii hewa ya chumba tulalamo.

Tazameni mambo ya nyanda za juu, kama Njombe na Lushoto, katika miezi ya Juni na Julai. Jua likishuka, baridi huwa kali. Wako wafungao mlango na dirisha, wakaziba nyufa kwa matambara, kisha wakaingiza jiko la makaa chumbani na kulala. Makaa yakiisha kuwa mekundu hayatoi moshi, basi hudhani ya kuwa hayana madhara. Sivyo. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu isiweze kuchukua hewa ya uzima. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu; aliyelala huenda asiamke kamwe. Methali yatufundisha kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Lakini mwenye jiko chumbani akiziba ufa, achimba kaburi.

Basi dawa ya baridi ni blanketi, si jiko. Nanyi mkimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, mkampeleke hospitali.

Tena moshi wa kuni nao ni adui. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa hewa chafu ya majiko ya nyumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wachanga na wadogo zaidi ya 237,000. Jiko la kupikia lifae kuwa na dohani, au matundu juu ya ukuta, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Kifua kikuu pia huenea katika vyumba vilivyofungwa, mgonjwa akikohoa. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza waliyoyapima katika hospitali za Lima, nchi ya Peru. Vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadili hewa yake mara 28 kwa saa. Vile vya mitambo ya hewa, mara 12 tu. Dirisha halina gharama ya mtambo.

Kwa hiyo ajengaye nyumba na atoboe madirisha katika kuta mbili zinazoelekeana, hewa iingie huku na kutoka kule. Aogopaye mbu aweke wavu wa waya dirishani, na chandarua kitandani. Nanyi walimu, fungueni madirisha ya darasa kabla watoto hawajaingia, yakae wazi hata waondoke.

Usiku wa leo, kila baba na mama na alitazame dirisha la chumba walalamo watoto, tena ahakikishe ya kuwa jiko limebaki nje.