Jiko la Gesi Uani

Siku ya ubatizo au kipaimara jikoni hapatoshi. Masufuria ni makubwa, wageni ni wengi, na akina mama wa jumuiya wamekuja kusaidia. Basi jiko hutolewa uani. Zamani yalikuwa mafiga na kuni, au mkaa. Siku hizi katika nyumba nyingi za Dodoma unatolewa mtungi wa gesi. Ni jambo jema, kwani macho hupona moshi na miti yetu michache hupumzika. Lakini gesi ina masharti yake, na mama mwenye nyumba anapaswa kuyajua kabla ya kuwasha.

Kwanza, tujue gesi yetu ni ipi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kutumika Dar es Salaam. Zipo nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zilizounganishwa na bomba lake. Huku kwetu tumezoea gesi ya mitungi, inayoletwa nchini kwa meli. Hizi ni gesi mbili tofauti. Ya bomba ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Ya mtungi ni nzito. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mtaroni au shimoni. Kwa hiyo usiweke mtungi karibu na karo.

Majiko yake pia hayafanani. Kitundu cha kutolea gesi katika jiko la mtungi ni kidogo. Ukiliunga kwenye bomba, moto utakuwa hafifu. Jiko la bomba likiungwa kwenye mtungi, moto huruka juu, wa njano, wenye masizi. Binti yako akihamia nyumba yenye bomba, fundi mwenye kibali ndiye amrekebishie jiko. Na akitaka kupikia uani, asipitishe mpira dirishani. Fundi atandike bomba la chuma lenye koki yake ya kufungia, kisha alipime kama halivuji.

Kwa sisi wa mitungi, tufuate haya:

1. Jiko kubwa la karamu huhitaji regyuleta yake, yaani kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi. Ile ya jiko dogo la nyumbani huenda isifae. Muulize muuzaji kabla ya kununua.

2. Tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, usio na nyufa, uliobanwa kwa vibanio vya chuma pande zote mbili. Mpira wa maji haufai.

3. Simamisha mtungi wima, kivulini, mbali na moto kadiri mpira unavyofika. Usiulaze kamwe.

4. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti.

5. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mkali. Unaweza kuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Kinga jiko kwa bati upande upepo unakotoka, lakini usilizungushie pande zote pamoja na mtungi. Asiwepo jiko bila mtu wa kulitazama.

6. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue koki ya jiko. Funga khanga yako vizuri, na watoto wachezee mbali. Mkimaliza, anza kufunga koki ya mtungi.

Gesi yenyewe haina harufu. Huwekewa harufu kali ili tuitambue. Ukiisikia, usiwashe chochote, hata taa. Funga mtungi, ondoa watoto, acha hewa ipite. Moto ukitokea, piga simu Zimamoto, namba 114.

Wanaoikumbuka tembe ya Kigogo, yenye paa bapa la udongo ambako nafaka ilianikwa, wataielewa upesi Kumbukumbu la Torati 22. Humo mjenzi anaagizwa kuzungushia paa lake ukingo, ili asiwe na hatia mtu akianguka. Wageni wanaoingia uani kwetu hawaujui mpira wetu wala koki yetu; wametuamini tu. Mama mpendwa, kabla ya karamu ijayo, chukua dakika tano na bakuli la povu la sabuni. Huko nako ni kuwapenda jirani zako.