Acha Kubonyeza "Baadaye": Wacha Simu na Kompyuta Zijisasishe

Unautambua ule ujumbe unaotokea ukiwa katikati ya shughuli: sasisho jipya liko tayari. Wengi wetu hubonyeza "Baadaye", na kesho yake tena "Baadaye". Tunaelewa, bando ni pesa. Lakini hebu tuone hiyo "Baadaye" inaweza kukugharimu nini.

Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya katika Windows. Mei 12 mwaka huo, kirusi cha WannaCry kikapitia mwanya huohuo, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin. Zaidi ya kompyuta 200,000 ziliathirika katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali ziliahirisha matibabu. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili, ila kompyuta hizo hazikuwa zimeipata.

Ndivyo ilivyo: sasisho likitoka, wezi nao hulichunguza wajue tundu lilikuwa wapi, kisha huwatafuta waliochelewa. Na simu yako siku hizi ndiyo pochi yako. Kompyuta ya dukani nayo ina hesabu za wateja.

Fanya hivi leo:

- Simu ya Android: fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, kisha ruhusu programu zijisasishe kwa Wi-Fi pekee. Bando lako halitaguswa.
- Mfumo wa simu wenyewe: utafute sasisho lake ndani ya mipangilio. Chomeka chaji kwanza.
- Kompyuta: fungua Windows Update, na ikikuomba uizime na kuiwasha upya, fanya hivyo ukifunga duka. Kama bado unatumia Windows 10, Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hivyo panga kuhamia toleo jipya.

Jambo moja la mwisho, na ushike hili sana. Sasisho la kweli haliletwi na SMS yenye linki, wala haliulizi PIN. Mtu akikupigia akisema "tunasasisha laini yako, tuambie PIN", huyo ni mwizi. Kata simu. Sisi hatutakuuliza PIN yako, hata siku moja.

Mwonyeshe pia mzazi au jirani anayepokea pesa kwa simu. Ni kazi ya dakika chache tu.