Karasha baya humnyonya mchimbaji mdogo

KATIKA machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya, mchimbaji huhesabu gharama zote za shimo: chakula cha wafanyakazi, matimba, baruti na mafuta ya pampu. Mara chache huhesabu kinachompotea baada ya mawe kutoka shimoni na kufika kwenye karasha.

Karasha ni pipa la chuma lenye gololi ndani. Linapozunguka, gololi hupanda na kuyaangukia mawe hadi yawe unga. Unga huoshwa mwaloni na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Masalia yake ndiyo marudio, ambayo katika maeneo mengi huwa mali ya mwenye karasha. Yeye huyachenjua tena kwa sianidi.

Kwa mpango huo, mawe yasiposagika sawasawa mwenye karasha hapati hasara. Dhahabu iliyobaki humfuata yeye.

Usagaji mzuri hutegemea mambo matatu. La kwanza ni kasi. Pipa lenye kipenyo cha mita 1 likifika mizunguko 42 hivi kwa dakika, gololi hugandamana na ukuta na haziangukii tena mawe. Kasi inayofaa ni kati ya asilimia 65 na 75 ya hiyo, yaani mizunguko 28 hadi 32. Likienda polepole mno, gololi huteleza tu chini na dizeli huteketea bure.

La pili ni gololi zenyewe. Kwa kawaida hujaza asilimia 30 hadi 45 ya pipa. Kubwa huvunja mawe, ndogo hulainisha unga, hivyo zote zinahitajika. Gololi hulika kila siku. Zisipoongezwa, usagaji hudorora.

La tatu ni muda. Mawe yakisagwa kidogo, dhahabu hubaki imefungwa ndani ya chembe za mawe na zebaki haiifikii. Yakisagwa kupita kiasi, dhahabu, ambayo ni laini, hupondwa ikawa vipande bapa vyembamba vinavyosombwa na maji. Mawe magumu ya kwazi huhitaji muda mrefu kuliko mawe laini.

Aidha, mawe mabichi hugandia gololi na ukuta wa pipa, hivyo yaanikwe kwanza. Vumbi la usagaji mkavu nalo huharibu mapafu, na kitambaa puani hakitoshi.

Kabla ya kusaga mzigo mzima, mchimbaji achukue viroba vitatu vya mawe yaleyale, vyenye uzito sawa. Avisage kwa muda tofauti, avioshe kwa namna moja, kisha apime dhahabu ya kila kimoja. Majibu yatamwonyesha muda unaomfaa.

Muhimu zaidi, suala la marudio lijadiliwe kabla ya mashine kuwashwa. Wachimbaji walioungana kikundi wana nguvu ya kudai mgawo, au kupima sampuli ya marudio maabara ili wajue wanachoacha. Asiyejua kilichomo kwenye marudio yake hawezi kuyapangia bei.