Kitabu cha Kikundi Kina Siri za Watu

Hebu fungua kitabu cha kikundi chenu. Ndani mna nini? Mna majina, namba za vitambulisho, namba za simu, na nani amekopa pesa ngapi. Kama mnasaidia mayatima au wagonjwa, huenda mna pia habari za dawa wanazotumia. Je, kitabu hicho hulala wapi? Na ni nani hukisoma?

Hapa Mbita tunajuana. Neno likitoka asubuhi kwa wauza omena, jioni limefika Rusinga. Tena Homa Bay ni mojawapo ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini. Jina likionekana kwenye orodha mbaya, mtoto atatengwa darasani, na mama ataogopa kurudi kliniki. Akiacha dawa kwa sababu ya aibu, maisha yake yamo hatarini.

Orodha ya mwaka 2015

Mwezi wa Februari 2015 Rais aliwaagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wakuu wa elimu na afya, wakusanye habari za watoto wa shule wenye virusi, walezi wao, na akina mama wenye virusi walio wajawazito au wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga msaada. Lakini fomu iliunganisha jina na ugonjwa. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba agizo lile lilivunja Katiba, na majina yaliyokwisha kuandikwa yageuzwe kuwa alama za siri.

Hapa tunajifunza kwamba nia njema peke yake haitoshi.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Halafu 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data. Msidhani ni mambo ya kompyuta tu: hata karatasi zilizopangwa kwenye faili zinahusika. Mtu aambiwe habari zake zinatakiwa za nini. Anaweza kuomba azione, na zikiwa na makosa zisahihishwe. Habari za afya hulindwa zaidi. Za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi.

Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Basi sisi tunaowapiga mayatima picha za kumpelekea mfadhili, tufikiri kwanza.

Kikundi kifanye nini?

1. Andikeni yale mnayohitaji tu. Kama kazi ni kuku, hali ya afya ya mwanachama inaingiaje?

2. Habari za ugonjwa zisikae katika kitabu cha michango. Tumieni namba badala ya jina, na ufunguo wa sanduku ashike mtu mmoja mliyemchagua.

3. Mfadhili akiuliza kazi yenu, mpeni hesabu: watoto kadhaa wamepata sare. Majina ya nini?

4. Mgeni akija na fomu au simu ya kuandikisha watu, mwulizeni: Unatoka wapi? Habari hizi ni za nini? Nani ataziona? Tukikataa, tutapoteza nini? Asipojibu vizuri, msitie sahihi wala kidole.

5. Siri ikitoka, mwenye kuumizwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo.

Maswali ya kujadiliana

Kitabu chetu kina habari gani tusizozihitaji? Nani alitupa ruhusa ya kuziandika? Kikipotea leo njiani kwenda sokoni, nani ataumia?