Risasi ya Bunduki ya Kupiga Mbali

Aundishaye bunduki ya kupiga mbali yampasa kuchagua risasi kwanza, kwa maana kasiba huchongwa kwa kipimo cha risasi. Mjini Nairobi, kabla ya uwindaji kupigwa marufuku mwaka 1977, ilisifiwa sana .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912; kichwa chake cha gramu 19 kilimtosha hata nyati.

Lakini jambo lisahauliwalo ni hewa. Katikati ya mji ni mita 1,660 hivi juu ya bahari, na Karen, upande wa magharibi, ni juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, haiizuii risasi sana. Bunduki iliyolinganishwa huko, ikipelekwa Mombasa, hupiga chini ya shabaha iliyo mbali. Kichwa kifupi chepesi ndicho kipotezacho mwendo zaidi. Kirefu kizito hupoteza kidogo. Zamani kosa hilo lilimwacha nyati na jeraha kichakani, na mfuata damu hatarini.