Maziwa ya Ngamia kwenye Trei ya Wagiriki

Husemwa kwamba maziwa ya ngamia hayagandi, na neno hilo likishatamkwa jikoni mazungumzo huishia hapo. Ni maziwa ya kunywa, ya kutia kwenye chai, ya kuachwa yachachuke. Ya kupikia, hapana. Isiolo, mji unaopakia mitungi ya maziwa hayo kwenye mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi, umeishi na neno hilo miaka mingi, na lina ukweli ndani yake. Kipo chakula kimoja, hata hivyo, kinacholipima neno lenyewe mpaka likaonyesha linapoishia. Ni pastitsio, makaroni ya kuokwa ya Wagiriki: makaroni chini, nyama ya kusaga katikati, makaroni tena, na juu ya yote tabaka nene la sosi nyeupe ya maziwa. Dai langu ni kwamba trei hiyo yaweza kupikwa nyumbani Isiolo kwa jiko la makaa, na kwamba sosi yake ikitengenezwa kwa maziwa ya ngamia hakuna kitakachokuwa kimepunjwa.

Tuanze na ukweli uliomo katika msemo. Maziwa hugeuka jibini pale kimeng'enya kutoka tumbo la ndama kinapoikata protini moja iitwayo kapa-kasini, ambayo kazi yake ni kuzitenganisha chembe za kasini zisishikane. Ikishakatwa, chembe hunasana na maziwa huwa donge. Maziwa ya ngamia yana kapa-kasini kidogo sana yakilinganishwa na ya ng'ombe, chembe zake za kasini ni kubwa, na kimeng'enya cha ndama hakiyafanyi lolote la maana. Donge linalotoka ni legelege, hata kitambaa hakilishiki. Ndiyo maana Nancy Abeiderrahmane alipotengeneza jibini ya ngamia huko Nouakchott, Mauritania, katika kampuni yake ya Tiviski, dunia ya maziwa ilishangaa. Hata yakichachuka, maziwa haya hubaki mepesi, hayasimamishi kijiko kama mala ya ng'ombe. Mfugaji hakosei anaposema hayagandi.

Ila sosi nyeupe haigandi kwa nguvu ya kasini. Inashikwa na unga. Punje za wanga zikipata maji na moto hunywa, huvimba, hupasuka na kuachia nyuzi zinazoukamata mchuzi usitiririke. Wanga haujali maziwa yametoka kwa ng'ombe, mbuzi au ngamia. Ungeufanya uzito huohuo hata kwenye supu ya mifupa. Kisha, trei ikiwa motoni, kiini cha yai humaliza kazi: sosi iliyokuwa ya kumiminika husimama, kisu kikapita na kipande kikabaki na kona zake. Kazi ya maziwa humo ni kuleta mafuta, utamu, weupe na ladha, na ya ngamia yanayo yote manne. Kosa la neno la mitaani ni kwamba limechukua upungufu wa kutengeneza jibini likaufanya upungufu wa kupika.

Kwa trei ya watu sita au wanane inatosha lita moja ya maziwa, gramu mia moja za siagi, gramu mia na ishirini za unga wa ngano na viini vitatu vya mayai. Kabla ya kugusa chochote, maziwa kidogo huchemshwa peke yake kwenye sufuria ndogo, kwa kuwa yaliyoanza kuchachuka hukatika yakipata moto, na ni afadhali ukatikiwe na kikombe kuliko lita nzima. Mengine hupashwa moto bila kuchemka. Siagi inayeyuka, unga unaingia wote kwa mpigo, mwiko unazunguka. Kwa dakika ya kwanza ni kama uji ulioharibika, mafuta upande huu na madonge upande ule. Baadaye hulainika, hutoa povu, na harufu ya unga mbichi inageuka kuwa kama ya biskuti. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu unga ukipata rangi nguvu yake ya kushika hupungua na weupe umekwenda. Maziwa hutiwa upawa kwa upawa. Upawa wa kwanza hunywewa mara moja na kila kitu kinakuwa donge linalofuata mwiko, na wapishi wengi wageni huogopa hapo wakamwaga maziwa yote. Mpishi asiogope, akoroge mpaka donge liwe laini, ndipo atie upawa wa pili. Kufikia wa tano au wa sita, sosi huanza kung'aa. Iache ichemke polepole, mwiko ukipita chini bila kupumzika, hadi ukiuinua na kuchora mstari mgongoni mwake kwa kidole mstari ukae. Sufuria iteremshwe, ipoe kidogo, ndipo viini viingie baada ya kuzoeshwa joto kwa vijiko viwili vitatu vya sosi. Vikitiwa sosi ikiwa inachemka, utakula mayai ya kuvuruga.

Chumvi ndiyo inayoyapambanua maziwa ya ngamia kwa ulimi. Utamu wake una uchumvi kwa mbali, nao hubadilika kulingana na majani aliyokula mnyama na maji aliyopata. Kipimo cha kitabu cha Athens basi hakifai. Maziwa yaonjwe kwanza, chumvi ije mwisho. Kungumanga ya kukwaruza, nusu kijiko cha chai, ndiyo kiungo pekee cha lazima katika sosi hii.

Pingamizi la kwanza ambalo nimelitarajia ni la ugeni. Kwa nini mama wa Bulla Pesa ahangaike na chakula cha Wagiriki? Lakini twendeni chini ya sosi, tuone kilicho kigeni hasa. Makaroni Isiolo si mgeni. Wasomali walioletwa na jeshi la Waingereza na kupewa makazi hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ni sehemu ya mizizi ya mji, na jamaa zao wa kusini mwa Somalia walipata baasto kwa Waitaliano wakaifanya chakula chao, ikaliwa kwa suugo ya nyama na ndizi pembeni. Nyama ya kusaga ambayo watu wa pwani huiita kima, Wagiriki huiita kimas. Wao wamelipata neno kwa Waturuki, sisi tumelipata kupitia Wahindi, na asili ni moja. Mchuzi wake wa Kigiriki hupikwa kwa vitunguu, nyanya, mdalasini na aghalabu karafuu. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na sufuria ya pilau, au kusaga xawaash, viungo vya Wasomali, anaijua harufu hiyo kabla hajaambiwa imetoka wapi. Divai nyekundu ambayo wengine hutia inaachwa, na supu ya mifupa inachukua nafasi yake bila chakula kuyumba. Vitunguu na nyanya hushuka kutoka upande wa Meru na Timau. Kwa hiyo kinachobaki kigeni ni ile sosi nyeupe, na hata kwa Wagiriki sosi hiyo ni ya juzi.

Aliyeiweka ni mpishi Nikolaos Tselementes, mzaliwa wa kisiwa cha Sifnos, aliyepata kufanya kazi Vienna na Marekani na kuandika kitabu cha mapishi katika miaka ya 1920 kilichoingia karibu kila nyumba, hata jina lake Ugiriki likawa neno la kuitia kitabu chochote cha mapishi. Aliamini upishi wa kwao umechafuliwa na Waturuki, akataka kuurudisha Ulaya, na beshameli, sosi nyeupe ya Wafaransa, ndiyo ilikuwa dawa yake. Pastitsio ya kabla yake ilifunikwa kwa unga uliokandwa, mfano wa pai, na jina lenyewe limetoka kwa Waitaliano, pasticcio. Tafakari ilivyo: jina la Kiitaliano, sosi ya Kifaransa, nyama yenye jina la Kituruki na mdalasini ambao haukuota Ulaya. Chakula kilichokusanywa hivyo hakina mlango wa kumfungia mpishi wa Isiolo. Misri wameshaingia zamani. Makaroni kwa beshameli ni chakula cha nyumbani huko, hupikwa bila divai, na mara nyingi bila jibini.

Hilo la jibini, nalo, ni pingamizi zito kuliko la kwanza. Mgiriki hunyunyiza jibini ngumu ya kondoo kati ya tabaka na juu, na ule ukali wa chumvi ndio unaoizuia sosi isichoshe mdomo. Jibini ngumu Isiolo ni ya kuagiza, ghali, na sitajifanya kwamba samli inaweza kuziba pengo hilo. Anayeweza kupata kipande cha jibini ya kawaida ya ng'ombe akikwaruze chote juu. Asiyeweza aongeze kiini cha nne, apake samli juu ya sosi, na mchuzi wa nyama aupe pilipili manga na ndimu kidogo. Atapata trei tamu iliyo karibu zaidi na ya Cairo kuliko ya Athens. Kinachouma ni kwamba nchi ambayo sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 ndani yake haina jibini yake ya ngamia iliyozoeleka sokoni, ilhali leo kipo kimeng'enya cha ngamia chenyewe, kinachozalishwa kwa vijidudu maabara, ambacho huyagandisha maziwa haya vizuri. Nani atakifikisha kwa akina mama wa vyama vya maziwa kama Anolei, na kwa bei gani?

Oveni ndiyo watu huitaja kwanza, nami nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo nyepesi. Pwani wameoka mkate wa kumimina vizazi na vizazi kwa kupalia: moto kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Pastitsio haitaki zaidi ya hapo, maana kila kilichomo ndani kimeshapikwa. Nyama imeiva na kukaukiwa mchuzi. Makaroni, zile fupi za mrija, zimechemshwa na kutolewa dakika mbili kabla ya kulainika, zikachanganywa na ute wa mayai yaliyotolewa viini ili zishikane. Sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini yake, trei imekaa juu ya mchanga, kifuniko cha bati bapa, makaa. Theluthi moja ya moto iwe chini, theluthi mbili juu. Baada ya kama dakika arubaini sosi itakuwa imevimba katikati na kupiga madoa ya hudhurungi. Asiyekuwa na subira ataiharibu hapo mwisho, kwani ikikatwa moto humwagika yote kama uji. Iachwe nusu saa kamili, hata watoto wakilia.

Je, si ufujaji kuitia unga lita nzima ya maziwa ambayo mtu angeyauza? Wakati wa kiangazi, ndiyo, ni ufujaji, na sitamshauri yeyote. Mvua zikinyesha mambo hugeuka: maziwa huwa mengi, bei hushuka, na mtungi unaochelewa kufika mjini hufika umechachuka. Msimu huo ndio wa trei hii. Bidhaa iliyo na matumizi mawili tu, kunywewa au kusafirishwa, humfunga muuzaji kwa saa ya basi. Matumizi ya tatu, ya jikoni na ya hotelini mjini, hayatamfanya tajiri, lakini yatampa mahali pa kuyapeleka maziwa ya asubuhi ambayo basi limeyaacha.

Lipo suala ambalo sayansi ya wanga hailigusi. Katika jamii za Kimaa mwiko wa kuchanganya maziwa na nyama katika mlo mmoja ni wa kale, na kaunti hii ina Wasamburu wengi. Pastitsio inaviweka vyote viwili katika trei moja, kimoja juu ya kingine, bila hata kipande cha mkate katikati. Naweza kusema kwamba mkahawa wa mjini umeshavunja mwiko huo mara nyingi, chai ya maziwa ikikaa kando ya nyama choma. Lakini kwamba jambo linafanyika si jibu kwa anayeamini halifai, na trei inayodai kuwa ya Isiolo yote haiwezi kulipita suala hilo kimyakimya. Makaroni kwa mboga na sosi hiyohiyo? Huenda. Wenyewe ndio wa kusema.

Na upo moshi. Wafugaji huvifukiza vyombo vya maziwa kwa vijiti vya moto ili maziwa yakae, na moshi huo huingia ndani kabisa. Maziwa ya ngamia ya mtungi yana harufu yake, na wanywaji wengi huitafuta hasa hiyo. Hakuna kitabu cha Kigiriki kilichowahi kuuliza moshi utafanya nini ukikutana na kungumanga, siagi na mdalasini. Unaweza kuifanya sosi ionje kama iliyookwa kwa kuni, jambo la kutamanika. Unaweza pia kuinyamazisha kungumanga kabisa. Njia ya kujua ni moja. Sosi itengenezwe katika sufuria mbili, nusu lita ya mtungi uliofukizwa na nusu lita isiyo na moshi, zimiminwe kwenye trei moja, kila moja upande wake, na walaji wasiambiwe upande upi ni upi.