Mwethya Kabla ya Harambee

Jomo Kenyatta alipoifanya "Harambee" wito wa taifa mwaka wa 1963, Wakamba wa Kitui na Makueni walikuwa na mwethya tangu jadi: majirani walikusanyika na majembe yao wakalima au kujenga, naye mwenye kazi akawaandalia chakula. Kwa hiyo kamati inayopanga mchango huko, tuseme wa bwawa la mchanga, haina budi kutanguliza mikono, mifuko ifuate. Mawe na mchanga vikishakusanywa, kinachosalia kutafutiwa pesa ni saruji, vyuma na ujira wa fundi. Tena mgeni wa heshima hukuta kazi imeanza.

Tarehe nayo ina uzito wake. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli, hivyo mwaliko wa kabla ya mavuno ya Februari huwakuta watu mikono mitupu. Asiye na fedha huleta kuku, naye kuku hunadiwa, mara nyingi kwa bei isiyojulikana sokoni! Kumshurutisha mtu kwa cheo ni jambo jingine. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ililikataza. Ahadi ziandikwe katika daftari la peke yake, zisijumlishwe na pesa taslimu, na mweka hazina asome hesabu zote mbili kabla watu hawajatawanyika.